Walimu wanaiachia kompyuta kazi ya kuwainua wanafunzi walio nyuma katika hisabati: tuwasaidie vipi?

Mwalimu wa taaluma, Morogoro

Habari zenu, walimu wenzangu. Shule yetu ni sekondari ya kata, na tangu muhula uliopita tunatumia programu ya kujifunzia iitwayo Kolibri kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao jaribio la mwanzo wa mwaka lilionyesha kwamba hawajamudu matendo manne ya hesabu wala sehemu. Kompyuta 18 zimeunganishwa na seva moja, hivyo hatuhitaji bando la kila siku, na wanafunzi 54 huingia kwa zamu. Vifaa, basi, havinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba walimu wetu watatu wa hisabati, ambao ni wachapakazi na ninawaheshimu, huwafungulia watoto chumba, huwapa maneno ya siri, kisha hukaa pembeni wakisahihisha madaftari mpaka kengele igongwe. Wiki iliyopita nilifungua ukurasa wa kocha, yaani ripoti ya mwalimu kuhusu kazi ya kila mwanafunzi, nikakuta mwanafunzi amekwama kwenye zoezi lile lile la kutoa kwa majuma matatu, na hakuna aliyemuuliza lolote. Semina ya siku mbili walipewa, na kila kitufe wanakijua. Nifanye nini zaidi bila kuonekana ninawakagua?

Mwezeshaji wa hisabati, Iringa

Mwalimu, semina hiyo iliwafundisha kuiendesha programu. Sasa wanahitaji mtu wa kukaa nao na kusoma kile ambacho programu inawaambia. Chagua mwalimu mmoja, mkae dakika ishirini baada ya kipindi, ripoti ikiwa wazi mbele yenu nyote wawili, na mwanze na mwanafunzi mmoja tu. Kolibri inakuruhusu kufungua kila jaribio la mwanafunzi ukaona jibu aliloliandika, na mimi huanzia hapo kila mara.

Nilifanya hivyo na mwalimu mmoja kuhusu binti aliyekuwa akikosa maswali kama 402 − 178. Jibu lake lilikuwa 376. Programu ilimwekea alama ya kosa, naye akarudia video ya kukopa ambayo alikwisha kuitazama mara kadhaa. Tukalipitia jibu tarakimu kwa tarakimu: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Alikuwa akitoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa katika kila safu, bila kujali ipi iko juu. Tulipomwita akatueleza kwa utulivu kabisa kwamba nane haitoki kwenye mbili, kwa hiyo mbili ndiyo inayopaswa kutoka kwenye nane. Mwalimu alileta njiti za kiberiti, akazifunga kumi kumi kwa mpira, wakaanza na 42 − 18. Ilipofika zamu ya kutoa njiti nane na mbele yake zipo mbili tu zilizo huru, binti alifungua fungu mwenyewe kabla hajaambiwa. Tangu siku ile sikulazimika kumkumbusha mwalimu yule kufungua ripoti.

Mwalimu wa hisabati, Kilifi

Ninaandika nikiwa mmoja wa hao wanaosahihisha madaftari pembeni. Nilifanya hivyo kwa mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa na vipindi 28 kwa wiki na madaftari hayo hayakuwa na saa nyingine. Kilichonibadilisha ni kuondolewa kipindi kimoja na kupewa nafasi hiyo kwenye ratiba kwa ajili ya ripoti pekee. Ukiwa na sauti mbele ya mkuu wa shule, ombeni hilo kwanza, kabla ya semina nyingine yoyote.

Jambo lingine nalisema kwa uchungu. Katika shule niliyokuwa awali, asilimia za kila darasa zilibandikwa kwenye ukuta wa chumba cha walimu, na haukupita muda tukaanza kuwaelekeza wanafunzi kwenye mazoezi mepesi ili asilimia zipendeze. Watoto waliotuhitaji zaidi ndio walioumia. Ripoti ibaki kati ya mwalimu na anayemsaidia.

Mwalimu mstaafu, Tanga

Wapo wanaosema kompyuta inatosha, na hutolea mfano mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya programu za mtoto kujifunzia mwenyewe, ambayo majaribio yake yalifanyika katika vijiji vya mkoa wetu kuanzia 2017 hadi 2019. Watoto walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwa vishikwambi, na timu za onebillion na Kitkit School zikagawana ushindi. Ni kazi ninayoithamini sana. Hata hivyo, wengi wa watoto wale walikuwa hawajawahi kwenda shule, na walianza mwanzo kabisa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza amebeba miaka saba ya mazoea, mengine yakiwa ya makosa, na mazoea hayo yanahitaji mtu wa kumuuliza amefikaje hapo.

Naomba pia mwangalie lugha. Mtoto aliyesoma hisabati kwa Kiswahili mpaka darasa la saba anaweza kukwama kwenye fumbo kwa kuwa hajui “asili” au “kiasi” cha sehemu huitwaje kwa Kiingereza, ilhali sehemu yenyewe anaijua. Kolibri ina masomo ya Khan Academy kwa Kiswahili. Mwalimu ampe swali lile lile kwa lugha zote mbili kabla ya kuamua kwamba hesabu ndiyo imemshinda.

Mwalimu wa taaluma, Morogoro

Nawashukuru sana. Jana jioni nilimwomba mwalimu wa darasa tuketi pamoja, tukafungua majaribio ya yule kijana aliyekwama. Kwenye 503 − 267 ameandika 246, na kosa hilo hilo linajirudia kila penye sifuri katikati. Kumbe kukopa anajua. Ila akishaipa safu ya mamoja kumi kutoka kwenye makumi, anasahau kwamba yamebaki tisa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeligundua, na ameomba kumchukua kijana huyo pamoja na wenzake wanne Alhamisi, kipindi cha nane, ambacho mkuu wa shule amekubali kukiacha wazi. Mzee wetu wa Tanga, je, kwa namba za mamia ungeanza na njiti, au ungekwenda moja kwa moja kwenye noti na sarafu za kuchora?