Tuisheni ya fizikia Ngamiani, Tanga: mwanangu kapata, mwalimu kakosa, kosa kapewa mwanangu!

Wakuu, nimevumilia mpaka basi.

Jana jioni binti yangu karudi tuisheni kanuna. Namuuliza una nini mama, ananisukumia daftari. Kosa la kalamu nyekundu limekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Swali lenyewe: mtu anavuta mkokoteni kwa kamba kwa nguvu ya nyutoni 200. Kamba imeinuka nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, mkokoteni umesogea mita 30. Nguvu hiyo imefanya kazi kiasi gani? Mtoto kaandika 200 × 30 × 0.5 = juli 3,000. Mwalimu kakata, pembeni kaandika 6,000.

Nikampigia simu. "Mzazi, kazi ni nguvu mara umbali. Hiyo pembe wameiweka kuwababaisha watoto."

Kuwababaisha! Aliyebabaika nani hapo?

Mimi nauza mkaa Mgandini, mikokoteni naiona tangu alfajiri. Kijana akifunga kamba fupi, ikamwinukia mpaka begani, atavuta mishipa imtoke shingoni na mzigo unajikokota tu, maana nguvu yake nyingi inakwenda kuunyanyua mkokoteni, nao haunyanyuki. Akirefusha kamba ikalala, mambo yanakwenda. Sasa kosaini ya nyuzi 60, yaani ile sehemu ya nguvu inayoelekea mbele, ni nusu. Katika zile nyutoni 200, zinazousogeza mbele ni 100. Mara mita 30, juli 3,000. Kuna uchawi gani hapo?

La pili ndilo lililonimaliza. Mpagazi kabeba gunia la kilo 50, anatembea mita 20 kwenye tambarare kwa mwendo uleule. Nguvu inayolishikilia gunia imefanya kazi gani? Mtoto kajibu sifuri. Kakatwa tena, kaandikiwa 10,000. Nakiri hata mimi nilibisha kwanza, mtu anahema vile umwambie hajafanya kazi? Lakini ile nguvu inaelekea juu, gunia linakwenda mbele, pembe ni nyuzi 90 na kosaini yake sifuri. Angelitoa chini mpaka begani, mita 1.5, hapo sawa: kilo 50 zina uzito wa nyutoni 500 hivi, basi 500 × 1.5, juli 750.

Mtoto sasa ananiambia, "Baba, kwenye mtihani niandike la kwako au la mwalimu?"

Elfu 30 yangu ya mwezi huu naitaka, na kule harudi. Mwenye kumjua mwalimu anayesoma swali mpaka nukta ya mwisho, Makorora au Chumbageni, anielekeze. Wa kuja kuniambia "muheshimu mwalimu", apite kimya.