DDT irudi kwenye kuta za nyumba, au ibaki marufuku?

Mleta mada: Wakuu, tujadili bila matusi. Mimi naunga mkono DDT, ile dawa ya kuua wadudu, ipulizwe majumbani pale malaria inapotuzidi nguvu. Kila ikitajwa mtu anaruka: "ilishapigwa marufuku!" Shambani, ndiyo. Marekani waliizuia 1972 baada ya miaka mingi ya kuimwaga juu ya pamba. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, bado unairuhusu kuua wadudu waenezao magonjwa, na WHO mwaka 2006 walitamka wazi kwamba upuliziaji wa ndani uendelee.

Kazi yake ni rahisi. Gramu 1 hadi 2 kwa mita ya mraba ya ukuta. Mbu akishiba damu hutua hapo kupumzika, imekwisha. Ukoko huo hudumu miezi 6 na zaidi. Afrika Kusini waliiacha 1996, wakahamia pairethroidi, aina nyingine ya dawa ya kuua wadudu. Anopheles funestus, mbu waliyekwisha kumfukuza, akarudi akiwa sugu kwa dawa hiyo mpya. Mwaka 2000 wagonjwa wakapita 60,000. DDT ikarudishwa, malaria ikaporomoka.

Mchangiaji, Lira (Uganda): Ndugu yangu, wewe hujalima ufuta. Mwaka 2008 serikali ya Uganda ilipuliza DDT wilaya za Apac na Oyam. Kampuni zinazonunua mazao ya kilimo hai, yaani yasiyotiwa kemikali, zikaenda mahakamani, kazi ikasimamishwa. Watu wa mjini walituona wajinga tunaotetea mbu. Lakini mkulima mdogo anaweka magunia wapi? Chumba kilekile anacholala. Na DDT haiyeyuki majini, inayeyuka kwenye mafuta. Ufuta ni nini kama si mafuta?

Mchangiaji mwingine: Hapo kwenye Afrika Kusini umetupiga chenga, mkuu. Jimbo lao la KwaZulu-Natal walileta pia dawa mseto ya kutibu wagonjwa mwaka 2001. Huwezi kuipa DDT sifa zote. Halafu Zanzibar umeiruka kwa nini? Walipuliza 1958 hadi 1968, malaria ikashuka sana, mradi ukafungwa, ikarudi. Walipoijaribu tena miaka ya 1980, mbu wakakutwa na usugu.

Mchangiaji wa tatu: Bibi zetu walichanganya ule unga wa DDT na mahindi ghalani na wamezeeka vizuri tu. Acheni woga.

Mchangiaji, Lira: Waliozeeka ndio unaowaona. Shirika la WHO la utafiti wa saratani liliiweka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Na inapita hadi kwenye maziwa ya mama.

Mleta mada: La dawa mseto nakubali, nililiacha kwa makusudi kidogo. La magunia limenigonga zaidi. Hofu yangu kubwa ni stoo. Vikuge, Kibaha, ilipokea viuatilifu vya msaada mwaka 1986, vingine vimekwisha muda. Banda likaanguka, na zaidi ya miaka kumi baadaye udongo bado ulikuwa umejaa DDT. Kiuatilifu kinachokaa ukutani miezi 6 kinakaa ardhini miaka.

Basi narekebisha mada: ipulizwe tu pale vipimo vinapoonyesha mbu wa eneo hilo bado wanakufa kwayo, na vijiji vya ufuta na pamba ya kilimo hai viachwe nje. Anayepinga hata hivyo, aseme angepuliza nini mbu wakishazoea pairethroidi.