Kigango kinajenga kanisa la kwanza: tuwaombe wamisionari nini, na tuanze lini?

mwenyekiti_kigango
Tumsifu Yesu Kristo. Waumini wa kigango chetu (tawi la parokia) tuko kama 150, misa bado ni chini ya mti. Mapadre wamisionari wamekubali kusaidia, wanataka orodha ya mahitaji. Wazee wanasema tupandishe kuta sasa hivi, habari ya bati itajulikana mbele kwa mbele. Ukubwa gani utatosha? Tuombe nini? Na kuna karatasi za kutangulia?

sakristia
Milele na milele, amina. Mwenyekiti, naanza na karatasi. Mnaweza kukiita kikanisa, lakini jengo takatifu ambalo waumini wana haki ya kuingia kwa ibada ya hadhara, kisheria ni kanisa (Kanuni ya 1214 ya Sheria za Kanisa Katoliki; namba nyingine nitakazotaja ni za humohumo), na halijengwi bila idhini ya maandishi ya askofu wa jimbo (1215). Neno la padre halitoshi, hata kama fedha analeta yeye. Kanuni hiyohiyo inamtaka askofu ajiridhishe kwamba fedha za ujenzi na za kuendeshea ibada hazitakosekana. Kwa hiyo barua ya kumwomba askofu idhini iambatane na makadirio.

Halafu kiwanja. Parokia ina hadhi ya kisheria katika Kanisa (515), kigango hakina. Mzee akitoa shamba kwa mdomo tu, akifumba macho wanawe watalidai, na kanisa liko juu yake. Hati iandikwe kwa jina la jimbo au chombo chake kinachotambuliwa na serikali, kabla jembe halijagusa ardhi.

pimamaji
Mtu mmoja kwenye benchi, ukihesabu na njia, anachukua kama mita 0.7 za mraba. Watu 150 ni 105. Ongeza 20 na ushee za altare. Mita 8 kwa 16 inatosha.

Sasa tatizo lenyewe: kanisa si nyumba kubwa. Nyumba ina kuta za vyumba zinazoshika kuta za nje. Kanisa lina ukuta wa mita 16 uliosimama peke yake. Wekeni nguzo kila mita 3.2, na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kila mita 1.6, jumla 11, ili kila kenchi ya pili ikae juu ya nguzo. Msikubali fundi aondoe mbao ya chini ya kenchi "ili ndani pawe na uwazi mzuri". Ikiondolewa, paa linasukuma kuta nje na nyufa zinatokea chini ya lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya kuta).

Lenta ipite kuzunguka jengo lote, mita 48. Kwa sentimita 15 kwa 20 mtahitaji nondo za mm 12 kama 18 (nne zikienda sambamba, kila kiungo kipishane sentimita 60), ringi 240 kila sentimita 20, na saruji mifuko kama 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mwagieni maji siku 7. Chomekeni vyuma vya kufungia kenchi zege likiwa bichi. Upepo hauangushi bati, unalinyanyua.

Matofali ya inchi 6: kuta za mita 3, ukitoa milango na madirisha, ni kama 1,200. Pembetatu za ukuta chini ya paa, mbele na nyuma, ni 160 hivi. Jumlisha ya kuvunjika, 1,450.

zege_na_kokoto
Nakazia hapo kwenye pembetatu. Zikijengwa kabla ya kenchi kusimama, hazina kitu cha kuziegemeza, na upepo mmoja wa jioni unazilaza ndani. Simamisheni kenchi kwanza, au zibeni pembetatu kwa bati, mtaokoa matofali.

Kuhusu wazee: hapana. Ukuta usio na paa unakula mvua, na ari ya watu inaondoka pamoja na udongo. Jengeni msingi, kisha subirini fedha ya paa iwe mkononi. Nyinyi toeni mchanga, kokoto, maji, kuchimba na kubeba. Wamisionari waombeni saruji, nondo, mbao za kenchi, bati na fundi anayejua kusoma ramani. Vitu hivyo havipatikani kwa nguvu ya mikono.

sakristia
Nyongeza mbili kabla hamjamwaga sakafu. Altare isigusane na ukuta, padre aweze kuizunguka. Acheni nondo zimechomoza mahali pake. Na tabenakulo (sanduku la kuhifadhia Ekaristi) inatakiwa isihamishike, ifungwe kwa ufunguo (938), hivyo mwacheni mwashi aiachie nafasi ukutani. Ila Ekaristi inapohifadhiwa, misa iwepo angalau mara mbili kwa mwezi kadiri inavyowezekana (934). Kama padre anafika mara moja tu, nafasi iachwe, sanduku lenyewe lisubiri.

mwenyekiti_kigango
Asanteni. Kenchi 11 na nondo 18 naziweka juu ya orodha. Barua ya askofu itaandikwa kabla ya msingi.