Mwaka Kogwa: wageni wabaki, jukwaa liondoke

Jamani tulijadili hili bila kutukanana, maana kila ikifika Julai maneno ni yale yale. Wapo wanaosema Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi kule kusini mwa Unguja, ushauzwa kwa watalii, bora wenyeji wafunge mlango wabaki na mila yao. Wengine wanasema bila tamasha la serikali na hao watalii vijana wangeshausahau zamani. Halafu kuna wa tatu, hao wanataka uachwe kabisa kwa sababu eti si dini yetu. Mi naona wote watatu wanampiga nyoka mkiani.

Tuanze na wageni. Mila yenyewe inataka mgeni! Siku ya Mwaka nyumba kukosa mtu wa kuja kula kwako si dalili njema, ndo maana ukipita tu unavutwa mkono uingie. Sasa unayesema tuwafukuze wageni ili tuilinde mila, unalinda kitu gani hasa? Mzungu katoka hotelini Paje, kawekwa mkekani kapewa wali na kuku, huyo hajaharibu chochote.

Kinachoniudhi ni jukwaa. Niliwahi kwenda, tumefika uwanjani mapema, wanaume washajipanga, mmoja kavaa masweta mawili juu yake koti la mvua na kichwani helmeti ya pikipiki, mapanda ya mgomba yamelundikwa pembeni bado yanachuruzika maji, wanawake nao washaanza zile nyimbo zao ambazo siku nyingine ukiziimba mbele ya mkweo utahama kijiji. Mara tunaambiwa subirini, mgeni rasmi yuko njiani. Tukasubiri weee. Akaja, hotuba, shukrani kwa wadhamini, hotuba nyingine, na mapanda yananyauka juani tunayaona. Walipokuja kuruhusiwa, watu wa upande wa kusini na wa kaskazini wakachapana dakika chache tu na spika bado inatangaza.

Na lile pigano si sarakasi. Mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakitoa pale, unampiga anakupiga, mkitoka hapo yameisha, mwaka mpya unaanza weupe. Baadaye ndo kibanda cha makuti kinatiwa moto na wazee wanatazama moshi unaelekea wapi, wauague mwaka utakavyokuwa. Haya, niambieni, moshi uliosubiri hotuba tatu mpaka upepo ukageuka unaagua nini?

Kwa wale wa dini, ni kweli Nairuzi, yaani huu Mwaka wenyewe, asili yake Uajemi na ni ya kabla ya Uislamu, hakuna anayebisha. Lakini hii ilikuwa kalenda ya kazi. Siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi, na zinabaki tano. Mwaka wa Hijria unazunguka majira yote, leo Ramadhani kiangazi baada ya miaka kadhaa imeangukia masika, kwa hiyo mkulima na mvuvi walihitaji hesabu isiyowahama, ya kujua lini wapande na lini bahari itabadilika. (Pemba wanacheza ng'ombe, watu wanauhusisha mchezo ule na Wareno, na sijasikia mtu akisema Wapemba wamekuwa Wakatoliki.)

Mfano mzuri upo Lamu. Wakati wa Maulidi kuna mashindano ya punda, kuna ya majahazi, mji unajaa watu mpaka huna pa kukanyaga, lakini maulidi yenyewe yanasomwa msikiti wa Riyadha kwa wakati wake, punda wana mahali pao na wasomaji wana pao. Hakuna anayemsimamisha msomaji eti punda hajafika.

Basi pendekezo langu ni hili, sherehe inakwenda siku nne, hotuba na wasanii na vibanda vya biashara viwekwe siku ya pili au ya tatu, na biashara iende, akina mama wauze mandazi na vikoi vyao wapate riziki. Siku ya kwanza isiwe na maikrofoni hata moja, wazee wakisema sasa, ni sasa, aliyechelewa amechelewa hata kama kaja na ving'ora.

Watu wa Makunduchi mliomo humu nijibuni nyie kabla ya sisi wa mjini, siku hizi nani hasa anatoa ruhusa ya kuanza, mzee au ratiba?