Mzee wangu kaikataa Sherlock ya siku hizi. Nimwekee ipi?

BintiFundi
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu ni fundi saa, Tanga, ana miaka 74. Kazi kaacha, ila kile kioo cha kubana jichoni bado anatembea nacho mfukoni. Ujanani alimsoma Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, mpaka kurasa zikachomoka, kisha akahamia kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wa Kiingereza.

Sikukuu iliyopita nikamwekea Sherlock ya BBC, ile ya 2010 ya Benedict Cumberbatch. Nusu saa haikufika, kagoma. Kwanza wanaongea mbio mno. Pili, maandishi yanarukaruka kwenye kioo kila Holmes akiwaza. Lakini kilichomuudhi hasa ni saa. Kitabuni Watson, rafiki anayekaa naye nyumba moja, anampa Holmes saa ya marehemu kaka yake, na Holmes anaona mikwaruzo kuzunguka tundu la ufunguo. Papo hapo anajua mwenye saa alikuwa mlevi, mkono ukimtetemeka usiku akiitia ufunguo. Baba anasema mikwaruzo ya namna hiyo kaiona mezani kwake kwa macho yake. Sasa kwenye runinga saa imegeuka simu ya mkononi! Kachukua bakora, huyo barazani.

Kuna iliyofuata kitabu kwelikweli?

Mla Riwaya
Msalimie mzee, ila hapo kaonea. Mikwaruzo ipo palepale, imehamia kwenye tundu la chaji tu. Kijana wa 2010 angetoa wapi saa ya ufunguo? Na wameongeza utani mzuri: Holmes anapatia kila kitu, anasema simu ilikuwa ya Harry, kaka yake Watson. Kumbe Harry ni Harriet, dada. Angevumilia dakika chache zaidi angecheka.

Kachero Mstaafu
Binti, mtafutie ya runinga ya Granada, Holmes akiigizwa na Jeremy Brett. Vipindi 41, 1984 hadi 1994. Baker Street nzima, mtaa anaokaa Holmes, waliijenga Manchester, na baadhi ya picha za Sidney Paget zilizochapwa gazetini enzi za Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, utazikuta zimegandishwa vilevile, hadi mikao ya watu vitini.

Ila mimi simpimi Holmes, nampima Watson. Kwenye zile filamu za miaka ya 1940, Holmes akiwa Basil Rathbone, Watson wa Nigel Bruce ni mzee wa kuchekesha, anajikwaa huku na kule. Sasa mwerevu kama Holmes angekaa nyumba moja na bwege miaka yote hiyo kwa sababu gani? David Burke, Watson wa kwanza wa Granada, alimrudishia heshima yake: daktari, mwanajeshi, mtu mwenye akili timamu anayeona kila kitu isipokuwa kile kimoja. Edward Hardwicke aliyempokea ni mpole zaidi. Mimi ni wa Burke. Mzee akimjua Najum, rafiki wa Bwana Msa, ataelewa nasema nini.

Aanze na ile ya bata bukini aliyekutwa na kito cha buluu tumboni.

Shangazi Mitaa
Mpelelezi Poirot, wa David Suchet! Vipindi 70, masharubu tu yanatosha.

Mla Riwaya
Shangazi, kaulizwa Holmes.

BintiFundi
Nimerudi. Jana usiku tumeangalia ya bata. Holmes anashika kofia kuukuu ya mtu asiyemjua, anaigeuza taratibu, hakuna maandishi wala muziki wa kukimbiza. Vumbi halijapanguswa, basi mke hampendi tena. Matone ya mshumaa, basi nyumbani hakuna gesi. Baba kasogeza kiti hadi karibu na kioo, mkono mfukoni kwenye lenzi yake, nikaogopa ataitoa.

Mke na vumbi kakubali. Mshumaa kakubali. Ila Holmes aliposema kofia ni kubwa, kwa hiyo mwenyewe ana akili nyingi, kaniambia simamisha. Kasema amewahi kuwa na mwanafunzi wa ufundi mwenye kichwa kama mtungi, na kila saa aliyoifungua ilibaki na skrubu mbili za ziada. Tumebishana nusu saa nzima kuhusu vichwa, chai ikapoa, kipindi hatukumaliza. Mwizi wa kito simjui mpaka sasa, na tafadhali msinitajie. Leo baada ya isha tunaendelea.