Majirani wa Mamboleo: eriali za paani

Mama Akinyi: Habari za jioni majirani. Tangu mvua ya jana Citizen, NTV na KTN zimepotea zote pamoja. KBC iko sawa. Ninunue busta, ile ya kukuza mawimbi?

Fundi Ouma: Bado, Mama Akinyi. Hizo tatu zinarushwa na kampuni ya ADN, KBC inarushwa na kampuni ya Signet, masafa ni tofauti. Zikipotea kundi zima namna hiyo, king'amuzi ni kizima. Ingia kwa menyu, tafuta chaneli kwa mkono, usome nguvu na ubora wa kila masafa.

Mama Akinyi: KBC nguvu 62, ubora 88. Zile zingine 35 na 10.

Fundi Ouma: Maji yameingia kwa waya. Hayali masafa yote sawa, ndiyo maana moja linasimama na lingine linaanguka. Na dijitali haitoi chengachenga kama zamani: ubora ukishuka chini ya kiwango, picha inaganda halafu inazimika. Fungua kisanduku kilicho kwa eriali. Shaba ikiwa nyeusi au kijani, kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, ufunge upya kwa tepu ya mpira. Chini ya kiungo acha waya uning'inie kama kitanzi, maji yadondokee hapo.

Baba Otis: Mimi nina ile eriali ya zamani ya mikono mirefu, bomba lake zuri sana. Itashika?

Mwalimu Nekesa: Jinsi ilivyo, vibaya. Mikono yake ni ya VHF, masafa ya chini ya TV za zamani, karibu sm 80. Dijitali yetu iko UHF, masafa ya juu zaidi, megahazi 470 hadi 694. Gawa 14250 kwa megahazi upate kwa sentimita urefu wa dipoli, yaani ule mkono unaofungwa waya wa TV. Ukichukua 580 ya katikati ni 24.6.

Baba Otis: Kwa hivyo nikate?

Mwalimu Nekesa: Kata. Dipoli 24.5. Nyuma yake, sm 10, weka mkono wa 27. Mbele weka mitano au sita ya 22.5, ikiachana sm 9 hivi. Mwelekeo wa mbele ndio unaoangalia mnara.

Fundi Ouma: Na dipoli iwe ya kukunjwa kama kitanzi kirefu chembamba, ncha mbili za waya zisiguse bomba hata kidogo. Ukinzani wake ni kama omu 300, wa waya ni omu 75, kwa hivyo lazima baluni ya 4 kwa 1, kile kifaa kidogo cha kuvilinganisha, ikae katikati. Watu wengi huiruka hii, halafu wanalaumu mnara!

Mwalimu Nekesa: Angalia pia eriali za majirani: mikono imelala au imesimama? Fuata hivyo hivyo. Ukikosea hapo, hakuna busta ya kukuokoa.

Mama Akinyi: Kwani busta ni ya nini basi?

Fundi Ouma: Ya kufidia waya mrefu. RG6, waya wa kawaida wa eriali, inakula karibu desibeli 2 kila mita 10, na kigawanyi cha TV mbili kinakula 3.5 zaidi. Ikae chini ya eriali, si nyuma ya TV, maana huko inakuza hadi uchafu. Karibu na mnara inazidisha na ubora unaanguka. Kama huna busta, zima ile volti 5 ambayo king'amuzi hupeleka kwa waya wa eriali, dipoli ya kukunjwa itaonekana kama shoti.

Baba Otis: Juu ya mabati nipande kiasi gani?

Fundi Ouma: Mita 1 kwenda juu. Mabati yanarudisha mawimbi. Na hapa Kisumu radi ni nyingi: mlingoti uunganishwe kwa waya nene wa shaba mpaka kwa nondo iliyozamishwa ardhini, na mchomoe waya wa eriali mapema, kabla wingu halijaanza kunguruma.

Mama Akinyi: Nimekata sm 20, shaba inang'aa. Ubora 79. NTV imerudi, Citizen pia.