Kadi ya sauti ya maiki nane: UMC1820, Scarlett 18i20, L-12 au XR18?

Udi_Usiku
Assalaam alaykum wakuu. Tuna kikundi kidogo cha taarab hapa Unguja, mazoezi tunafanyia sebuleni kwangu Ng'ambo. Udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi cha kulaza), fidla mbili, akordioni, dumbak (ngoma ya mkono) na mwimbaji. Mpaka leo tunarekodi kwa kadi ya sauti yenye matundu mawili: maiki moja ya mwimbaji, nyingine tumeitundika katikati kwa wote waliobaki. Kila nikisikiliza, dumbak iko puani mwangu na kanuni kama inapigwa nyumba ya jirani. Nikipandisha kanuni, dumbak nayo inapanda.

Nataka kila chombo kiwe na maiki yake. Nimechuja nikabaki na nne: Behringer UMC1820, Focusrite Scarlett 18i20, Zoom LiveTrak L-12 na Behringer XR18. Laptopu yangu ni ya Windows, RAM GB 8. Umeme hapa hukatika bila hodi. Mngechukua ipi?

BitiChumbani
Kaka, kabla hujatoa pesa, fikiria tena. Mimi natengeneza bongo fleva chumbani, chaneli mbili zinanitosha miaka yote. Weka klik (mlio wa kuhesabu mwendo), rekodi udi kwanza, kesho kanuni, keshokutwa fidla. Pesa inayobaki nunua maiki moja nzuri sana. Sauti itakuwa safi kuliko maiki saba za bei rahisi.

Udi_Usiku
Ahsante, na kwa biti nakubaliana na wewe. Ila sisi tulijaribu njia hiyo ikatushinda. Taksim ya udi, yaani kupiga peke yake kwa kubuni, haina klik. Na mwimbaji akivuta neno, fidla humsubiri, kisha humjibu. Sasa umrekodi mpiga fidla peke yake siku ya Jumanne, atamsubiri nani? Nyimbo zilitoka zimenyooka, hazina pumzi. Lazima tupige pamoja.

FundiSolda
Basi swali lako ni la maiki saba kwa mpigo, na hapo ndipo wengi wanapotea kwa sababu ya namba za kwenye boksi. UMC1820 na 18i20 zote zinasema ingizo 18. Maiki unazoweza kuchomeka moja kwa moja ni 8 tu. Nane nyingine zinapitia tundu la ADAT, yaani waya wa mwanga, na mbili zilizobaki ni S/PDIF, tundu jingine la kidijitali. Ili utumie zile nane za ADAT lazima ununue kifaa kingine chenye priampu zake (vikuza sauti vya maiki), mfano Behringer ADA8200. Na ADAT hubeba chaneli nane ukirekodi kwa 44.1 au 48 kHz (maelfu ya sampuli kwa sekunde). Ukipanda 96 zinabaki nne.

Usisumbuliwe na wanaokwambia lazima USB mpya. Chaneli nane za biti 24 kwa 48 kHz ni kama megabiti 9 kwa sekunde, wakati USB 2.0 imeundwa kwa 480. Kinachochosha laptopu ni programu na efekti unazorundika. Diski ndiyo uiangalie: chaneli nane namna hiyo zinakula takriban MB 69 kwa dakika, GB 4 na ushee kwa saa. Mazoezi ya usiku mmoja yanajaza.

Tofauti yenye uzito kati ya hizo mbili ni hedifoni. Zote zina matundu mawili ya hedifoni. Lakini 18i20 ina mikisa ndani yake, unaipanga kwa programu yake, kwa hiyo mwimbaji anapata mchanganyiko wake na mpiga udi wake, na sauti haipiti kwanza kwenye programu ya kurekodia. UMC1820 inakupa usikilizaji wa moja kwa moja wa kawaida. Ukitaka kila mtu asikie chake, inabidi upitishe kwenye kompyuta. Hapo ucheleweshaji unaingia: baferi (akiba ya sauti inayosubiri kompyuta) ya sampuli 256 kwenye 48 kHz ni milisekunde 5.3 kuingia na nyingine kama hiyo kutoka, bado hujahesabu mengine. Mpiga kanuni atalalamika, maana ncha ya kidole chake inagusa waya sasa hivi na sikio linaletewa habari baadaye.

Kwa bei, UMC1820 ni rahisi zaidi kuliko 18i20. Kwa kurekodi tu bila hedifoni tofauti, ningeichukua bila kusita.

Kwaya_Nakuru
Habari za huko ndugu zangu. Sisi ni kwaya ya kanisa, tunatumia XR18 mwaka wa tatu huu. Ina priampu 16 za maiki, na kwa USB inatoa chaneli 18 kwenda kwenye kompyuta. Ibada Jumapili inatuchanganyia sauti za spika, Jumatano tunarekodi albamu kwa kifaa hicho hicho. Ina matokeo sita ya ziada, kila moja na mchanganyiko wake, ila ni ya kiwango cha laini (line), si ya hedifoni moja kwa moja, utahitaji ampu ya hedifoni. Haina vitufe vya kuchanganyia, unaiendesha kwa tableti, nasi tumeiwekea ruta ya nje. Inaishia 48 kHz, ambayo kwa kweli inatutosha kabisa. Kama kikundi chenu huwa kinaalikwa harusini, iangalieni hii.

FundiSolda
Naunga mkono, kama kuna shughuli za nje. Kwa sebuleni tu, maiki 16 ni nyingi.

Mzee_wa_Kanda
Wanangu, mimi nimeanza na kanda za kaseti, naomba niseme mawili.

La kwanza, usishawishike na kadi ya mtumba ya FireWire kwa sababu ina matundu nane na bei ya kutupa. Nilinunua moja. Nilitafuta adapta, nikaunganisha adapta juu ya adapta, ikawaka taa na haikurekodi hata dakika moja. Tundu lile kompyuta mpya hazina. Ipo kabatini hadi leo na pesa yangu imekaa nayo.

La pili, mwanangu Udi_Usiku, umetaja umeme na laptopu ya GB 8, halafu mjadala wote ukaenda kwenye chaneli. L-12 inarekodi kwenye kadi ya SD, chaneli 12 kila moja peke yake na mchanganyiko wa stereo, bila kompyuta kabisa. Maiki nane, matundu matano ya hedifoni, kila moja na mchanganyiko wake. Asubuhi unahamishia mafaili kwenye laptopu na kuchanganya kwa utulivu. Adapta yake ni ya volti 12, kwa hiyo hata UPS (betri ya akiba) ndogo inaishikilia vizuri kuliko kushikilia laptopu na vinginevyo. Wapiga taarab wana umri wangu. Wakiona kompyuta inagoma katikati ya wimbo, hamu inawatoka na hairudi tena usiku ule.

FundiSolda
Mzee kasema kweli. Kasoro moja aijue mapema: L-12 haina ADAT. Maiki nane ndiyo mwisho. Wakiongeza sello na nai, wamekwama. Kwa anayetaka kukua, mimi bado nipo na 18i20.

Udi_Usiku
Shikamoo Mzee. Sebule yenyewe haichukui mtu wa tisa. Vipi kuhusu maiki zenyewe, dumbak isiingie kila mahali?

Mzee_wa_Kanda
Marahaba. Itaingia tu, ni chumba kimoja. Fuata sheria ya tatu kwa moja: maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kwa chombo, maiki ya jirani iwe mbali nayo angalau sentimita 60. Dumbak mpe maiki ya dainamiki, mkalishe pembeni, na maiki ya kanuni impe mgongo. Maiki za kondensa weka kwenye kanuni na fidla, washa volti 48 (umeme unaopita kwenye waya wa maiki). Udi usiulenge tunduni, utavuma. Lenga pale shingo inapokutana na tumbo.

Udi_Usiku
Wakuu, narudi na habari. Nimechukua L-12. Jana tumerekodi baada ya isha, adhana imeshapita, feni tumezima, na kila mtu kaloa jasho. Nyimbo tatu, maiki saba, kadi ya GB 32 haikujaa hata robo. Umeme haukukatika, ila UPS ilikuwepo.

Asubuhi nimefungua chaneli ya kanuni peke yake. Dumbak inasikika kwa mbali, lakini kila waya unaoguswa naujua, hata pale alipokosea na kurudi haraka. Mwimbaji nilimpa hedifoni yenye udi na akordioni tu, na amekaa kwenye sauti mwanzo hadi mwisho. Mpiga fidla wa pili anaomba wiki ijayo yake iwe na udi mwingi na dumbak kidogo. Tundu D la hedifoni lipo wazi, nimeshamwandikia jina lake kwa gundi ya karatasi.